Shati Lilianzia Shambani: Kuwafundisha Wanafunzi Asili ya Vitu Wanavyotumia

Ukimuuliza mtoto wa shule ya msingi shati lake limetoka wapi, huenda akakujibu kwamba limetoka dukani, na wapo walimu wanaosikitishwa na jibu hilo. Mimi sioni kosa ndani yake. Duka ndilo kituo cha mwisho katika safari ndefu ya pamba, na mtoto ametaja kile alichokiona kwa macho yake. Kazi ya mwalimu ni kumrudisha nyuma, kituo baada ya kituo, mpaka afike kwenye mbegu. Kwa maoni yangu njia hii inafaa kuliko ile ya kuanza na aina za udongo na kumalizia na mavuno, kwa sababu inaanzia kwenye kitu ambacho mtoto tayari anacho na anakifahamu.

Somo hili nalifundisha kwa pamba kila ninapoipata ikiwa bado na mbegu zake. Kila mwanafunzi hupewa tumba moja lililopasuka, na kabla ya maelezo yoyote huambiwa atenganishe nyuzi na mbegu kwa vidole vyake. Dakika chache hutosha kumwonyesha kwamba mbegu zimeng'ang'aniwa na nyuzi pande zote, kwamba akivuta kwa pupa nyuzi hukatika, na kwamba baada ya taabu yote hiyo amebaki na kifungu chepesi cha nyuzi pamoja na mbegu chache ambazo ndizo zenye uzito. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba katika pamba inayovunwa nyuzi ni karibu theluthi moja tu ya uzito, na kwamba mashine ya kuchambua pamba aliyoibuni Eli Whitney nchini Marekani mwaka 1793 ilifanya kwa kasi kazi hiyohiyo iliyowachosha vidole. Baadaye huzisokota nyuzi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada mpaka ziwe uzi, kisha huuvuta wapime nguvu yake. Mwanafunzi aliyesokota uzi wa urefu wa kiganja huanza mwenyewe kuhesabu nyuzi zilizomo katika mkono mmoja wa shati, na hakuna haja ya kumhubiria kuhusu thamani ya nguo.

Mbegu nazo zisitupwe, maana zina habari yake. Kiwandani hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yanayobaki hulishwa ng'ombe, hivyo darasa lililoanza na shati hujikuta limefika kwenye maziwa. Hapa jambo gumu kwa watoto ni muda. Wengi hudhani kwamba ng'ombe hutoa maziwa wakati wowote, kama bomba linavyotoa maji. Wakielezwa kwamba hatoi maziwa mpaka azae, kwamba hubeba mimba kwa miezi tisa hivi, na kwamba mtamba huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa takriban miaka miwili au zaidi, huwa nawataka warudi nyuma kwenye kalenda wahesabu mwanzo wa glasi moja ya maziwa. Wanapogundua kwamba ng'ombe huyo alikuwa ndama walipokuwa wao katika madarasa ya chini, kimya huingia darasani.

Ni lazima pia tuwe wakweli, kwa sababu si kila kitu hutoka shambani. Waambie wanafunzi wasome kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi wa shati, na baadhi yao watakuta neno poliesta, yaani nyuzi zinazotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Hali ni hiyohiyo kwa mpira: upo unaotokana na utomvu wa mti, na upo wa kiwandani. Mwalimu anayeficha jambo hili ili kukipamba kilimo anawanyima wanafunzi nusu ya elimu.

Kwa wanafunzi wakubwa kidogo napenda kuwasimulia habari za Edmond Albius. Vanila, mmea ambao matunda yake hutumika kama kiungo cha vyakula vitamu, asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa kisiwa cha Réunion ilichanua bila kuzaa matunda, kwani wadudu wanaoichavusha hawakuwepo. Mwaka 1841 Edmond, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani humo, alitumia kijiti kuinua utando mdogo ndani ya ua na kuzigusanisha sehemu zake za kiume na za kike kwa kidole gumba, ua likachavushwa bila mdudu. Njia yake ingali inatumika, ua moja baada ya jingine, tena ndani ya siku moja, maana ua la vanila halikai wazi zaidi ya hapo. Alipata uhuru wake utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Nasisitiza asifichwe utumwa wake wala umaskini wake, kwa kuwa mwanafunzi anayejifunza asili ya kitu anastahili kujua pia ni nani aliyekifanyia kazi na alilipwa nini.

Bustani ya shule husaidia sana, mradi jembe lisitumike kama adhabu. Mtoto anayelimishwa kwa sababu amechelewa hujifunza kwamba kulima ni fedheha, na kuling'oa wazo hilo baadaye ni kazi kubwa. Ichaguliwe mimea inayokomaa kabla ya shule kufungwa, au upangwe mapema utaratibu wa kumwagilia wakati wa likizo. Mimea ikifa, isiondolewe kwa siri na kupandwa mingine ili wageni waone bustani nzuri. Wanafunzi waing'oe wenyewe, wachunguze mizizi na upande wa chini wa majani, wajadili kama tatizo lilikuwa maji, wadudu au kivuli, na waandike katika madaftari yao walichokiona kabla ya kupanda tena.