Dalali wa Mfalme Narai

Kuna mchoro maarufu wa Kifaransa unaoonyesha mambo yaliyotokea tarehe 18 Oktoba 1685 ndani ya kasri la Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Mfalme Narai yuko juu dirishani. Chini amesimama balozi wa Louis XIV, Chevalier de Chaumont, ameshika bakuli la dhahabu lenye mpini mrefu, na ndani yake barua ya mfalme wake. Ule mpini uliwekwa ili barua ifike juu, lakini balozi hataki kunyoosha mkono. Kwake yeye huko ni kuishusha hadhi Ufaransa. Na pale sakafuni, kwa magoti na viganja, kuna mtu anamhimiza: inua, inua juu! Balozi kakaza. Mwisho mfalme mwenyewe akainama, huku akicheka, akaichukua barua.

Mimi namtazama yule wa sakafuni. Anaitwa Constantine Phaulkon, Mgiriki, na wakati ule hakuna mgeni aliyekuwa na nguvu kumzidi katika nchi ile. Kazi yangu ni udalali wa mawe: spineli za Mahenge, rubi, chochote kinachong'aa, napeleka Chanthaburi, soko la mawe la Thailand, ambako wanunuzi hukaa mezani na sisi tunapita na vifurushi. Kwa hiyo najua kukaa katikati ya watu wawili wenye fedha na kiburi, kila mmoja akingoja mwenzake ainame kwanza, na riziki yako iko hapo kati.

Alizaliwa kisiwani Kefalonia yapata 1647, kisiwa kikiwa chini ya Venice. Aliingia melini angali mtoto, akakulia kwa Waingereza, na mwaka 1675 akafika Siam. Hakuwa na ukoo wala mtaji. Alichokuwa nacho ni ndimi: Kiingereza, Kireno, Kimalai, kisha Kisiam, tena mpaka ile lugha ya heshima inayosemwa mbele ya mfalme. Akaingia ofisi ya hazina, iliyoshika biashara yote na wageni. Biashara ya kasri upande wa Bahari ya Hindi ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa Waajemi, matajiri wa kutisha pale Ayutthaya. Wakadai mfalme ana deni lao. Phaulkon akafungua vitabu, akapiga hesabu, ikaonekana wao ndio wanaodaiwa. Unaweza kufikiria walivyompenda.

Kisa ninachokipenda ni cha mzinga. Husimuliwa kwamba mfalme alitaka kujua uzito wa mzinga mkubwa na hapakuwa na mizani ya kuubeba. Phaulkon akaupakia kwenye mashua, akatia alama ubavuni maji yalipofika. Akaushusha, akajaza mawe mpaka mashua ikazama hadi alama ile ile, halafu akayapima mawe kidogo kidogo. Kama ni hadithi ya kutungwa, basi aliyeitunga alijua kupima. Mtu wa aina hiyo akinijia sokoni, nafunga mfuko kwanza, salamu baadaye.

Mwaka 1682 aliingia Ukatoliki na kumwoa Maria Guyomar de Pinha, mwenye damu ya Kijapani, Kireno na Kibengali. Narai akampandisha hadi kuwa Chaophraya Wichayen, cheo cha wakubwa kabisa. Wafaransa walitaka mfalme abatizwe. Mfalme alitaka meli, biashara na mtu wa kuwatuliza Waholanzi. Kila upande ulimsikiliza Phaulkon na kutoka umeridhika. Hiyo ni kazi ngumu, nawaambia.

Narai alipendelea kukaa Lopburi, kiasi cha kilomita 150 kaskazini mwa Bangkok. Nilikwenda huko kwa treni wakati tajiri mmoja ananizungusha na malipo yangu. (Nilichunga mifuko, tumbili wa mji ule hawakuwa na haya.) Kuta za Ban Wichayen, nyumba aliyoishi Phaulkon, bado zimesimama: matofali mekundu, ngazi, mabaki ya kanisa lililonakshiwa kwa mtindo wa Kisiam. Kutoka hapo hadi kasri la mfalme ni mwendo mfupi kwa miguu, na maisha yake yote yalitegemea njia ile moja.

Mwaka 1687 Wafaransa walirudi, safari hii na mamia ya askari chini ya Jenerali Desfarges, na wakapewa ngome za Bangkok na bandari ya Mergui. Hapo dalali alikuwa ameshauza kisichokuwa chake. Watawa wa Kibuddha walinung'unika, wakubwa wa nchi walinung'unika, na Phetracha, mkuu wa tembo wa mfalme, akawa anawasikiliza wote. Mwanzoni mwa 1688 Narai akaanguka kitandani. Phaulkon akamwita Desfarges. Huyo akaondoka na askari, akafika Ayutthaya, akasikia uvumi kwamba mfalme amekufa, akageuza. Mwezi Mei Phetracha akalikamata kasri. Phaulkon aliitwa, akaenda. Aliuawa tarehe 5 Juni. Narai naye akafa Julai, na Phetracha akakalia kiti.

Watu humlaumu kwa tamaa, nami sibishi. Ila kosa ninaloliona mimi ni kwamba alijifunga kwa Narai, mapadri na maofisa wa Kifaransa, wala sioni ukoo mmoja mkubwa wa Kisiam ambao ungepata hasara kwa kifo chake.

Maria alitorokea Bangkok kwa Wafaransa. Desfarges akamrudisha kwa Phetracha, na hilo simsamehei, maana wao ndio waliokula jasho la mumewe. Akatiwa utumwani jikoni. Huko, Wathai husema, ndiko alikoleta vitamu vya Kireno vya kiini cha yai na sukari: thong yip, thong yot, na foi thong, zile nyuzi za njano ambazo ukiziona utadhani tambi za Idi. Zinauzwa kila soko. Kwangu sukari imezidi, lakini nanunua.

Mwaka 1719 nahodha Mskoti, Alexander Hamilton, alipita Siam akamkuta Maria yu hai. Alikuwa msimamizi wa vitamu vya kasri, mtu mwenye heshima zake, na Luang Sorasak, mwana wa Phetracha, anayetajwa kuwa ndiye aliyemuua mumewe alikuwa ameshatawala na kufa.