Nilivyojifunza kupika laing kwa majani ya magimbi

Kwa miaka minne niliyofanya kazi Muscat nilishiriki jiko na mwanamke Mfilipino kutoka jimbo la Albay, katika eneo la Bicol, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa, kama desturi ya kwao inavyotaka. Siku ya Ijumaa alipika laing: majani makavu ya magimbi, ambayo wao huyaita gabi, katika tui la nazi pamoja na tangawizi, vitunguu, pilipili kali na bagoong, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Wengi wa kwao hutia pia nyama ya nguruwe, lakini kwa kuwa mimi nilikula naye, yeye aliiacha na kutia samaki mkavu, wema ambao sijausahau. Aliwahi kunieleza pia kuhusu pinangat, ambayo mji wa Camalig huko kwao unasifika kwayo, ambapo majani hufungwa vifurushi kabla ya kupikwa katika tui. Hiyo bado sijaijaribu.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimekulia kwenye kisamvu cha nazi. Kwetu mtoto akiachiwa sufuria ya tui huambiwa akoroge bila kupumzika mpaka lichemke, lisije likakatika. Ate alitaka kinyume chake kabisa: majani yatandazwe juu ya tui jepesi, yadidimizwe taratibu, kisha yasiguswe mpaka yalainike, kwa kuwa kwao huaminiwa kwamba laing iliyokorogwa mapema huwasha koo.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwahidi mama chakula hicho. Nikachuma majani mabichi kando ya kijito, nikayapika kama nusu saa, nikiyakoroga kwa mazoea kama mchicha. Mama alionja kijiko kimoja akashika koo, na mimi nikaumia moyoni, maana muwasho ule haukuwa wa pilipili. Majani ya magimbi yana chembe za oksaleti ya kalsiamu zenye ncha kama sindano, ambazo huchoma ulimi na koo yasipopikwa muda mrefu wa kutosha. Nilipomweleza Ate kwa simu, alinijibu nikaushe majani kwanza, halafu niweke mwiko mbali.

Safari ya pili nilijipaka mafuta mikononi kabla ya kuchuma, kwa sababu utomvu wake nao huwasha, nikakata vikonyo, nikayaning'iniza majani kivulini penye upepo kwa siku nne mpaka yakawa yanavunjika mkononi kama tumbaku. Bagoong sikuipata, hivyo nikatwanga uduvi wakavu wa sokoni pamoja na chumvi. Kwa gramu 100 za majani nilikuna nazi nne, nikapata vikombe viwili vya tui zito na sita vya tui jepesi. Tui jepesi lilipochemka pamoja na tangawizi, vitunguu na uduvi, nilitandaza majani juu, nikapunguza moto na kukaa kando. Mkono uliutafuta mwiko mara nyingi, lakini nilijizuia, nikawa nayadidimiza tu kwa mgongo wake pale yalipoinuka.

Baada ya saa moja hivi majani yalikuwa yamelinywa tui karibu lote. Hapo ndipo nilipotia tui zito na pilipili kichaa, nikageuza kidogo, nikaacha nusu saa nyingine mpaka mafuta ya nazi yakajitenga na kung'aa pembeni mwa sufuria, jambo ambalo kwetu lingehesabiwa kuwa kosa la mpishi, na katika laing ndiyo dalili ya kuiva. Kwa maoni yangu kinachoondoa muwasho ni muda mrefu motoni kuliko kuacha kukoroga. Hata hivyo sharti la Ate ninalifuata, kwa sababu majani yasiyokorogwa hubaki na umbo lake, mazito na laini, badala ya kugeuka uji.

Mama alikula na wali mweupe, akaongeza. Kiporo cha asubuhi kilikuwa kitamu zaidi, kwani tui lilikuwa limeganda ndani ya majani. Nilimpelekea Ate picha ya sufuria, naye akaniuliza jambo moja tu: kama pilipili zilitosha.