Watangazaji Wasioficha Timu Yao

Msimu wangu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, nilikuwa utingo. Gari letu lilisambaza mashuka na taulo kwenye mahoteli, na dereva wangu, mzee mmoja wa Kimarekani, alikuwa na sharti moja tu: Jumamosi za vuli redio haiguswi. Mimi wa Tanga, ninayejua mpira ni wa miguu, nikawa nashinda nasikiliza mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubeba na kurusha kwa mikono, watu wakipigia kelele yadi tatu, yadi saba, nisijue hata aliyefunga ni nani.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni watangazaji wenyewe. Sisi tuliolelewa na Redio Tanzania tulizoea sauti kama ya marehemu Charles Hilary. Anakupeleka uwanjani mpaka unaona vumbi, ila kama yeye ni Simba au Yanga, hilo mtabishana wenyewe kijiweni. Hawa wa 97.1, redio ya hapa Columbus, hawakuwa na siri yoyote. Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, ikipoteza mpira, sauti inalegea kama ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nikamuuliza mzee, hawaogopi kuambiwa wanapendelea? Akacheka sana. Redio hii ni ya watu wa timu hii, akasema, Michigan nao wana yao. "Halafu huyo wa pili alicheza humo humo."

Huyo wa pili ni Jim Lachey. Mwenzake, Paul Keels, ndiye anayetangaza mpira unavyokwenda, tangu 1998. (Huyu Keels huko nyuma aliwahi kutangaza mechi za Michigan, watani wa jadi! Mji huu wiki ya Michigan watu huziba kila herufi M kwenye mabango ya chuo kwa utepe mwekundu, na yeye wamemsamehe.) Lachey kazi yake ni kuchambua. Na mchezo wenyewe unampa nafasi: mpira unachezwa sekunde chache, kisha unasimama, timu ina hadi sekunde 40 kabla ya kuanza tena. Keels akivuta pumzi, Lachey anaingia na kukueleza kwa nini imekuwa vile.

Lachey ametoka St. Henry, kijiji cha magharibi ya Ohio, akaichezea Ohio State mpaka 1984. Baadaye akaenda kwa wanaolipwa, na Januari 1992 akachukua Super Bowl, fainali ya hao wanaolipwa, na timu ya Washington. Ila hakuwa mfungaji, wala mpigaji pasi. Alikuwa mmoja wa wale watano wakubwa wa mbele ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa kifua na mikono. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kupokea pasi. Mtu anaweza kucheza miaka minne bila mpira kukaa mkononi mwake.

Oktoba 1984 Ohio State ilikuwa nyuma 24 kwa 0 mbele ya Illinois, ikageuza na kushinda 45 kwa 38. Mkimbiaji wao, Keith Byars, alikimbia na mpira yadi 274 siku hiyo na kufunga mara tano. Katika mbio mojawapo, ya yadi 67, kiatu kilimvuka akaendelea na soksi mpaka mwisho. Hicho kiatu hapa kinasimuliwa kama ngano. Mzee wangu alinisimulia zaidi ya mara moja, na kila akimaliza ananiuliza: njia alifunguliwa na nani? Lachey alikuwa kwenye ukuta ule.

Basi mimi mchezo huu nimeujulia ukutani. Wenzangu wanafuata mpira kwa macho, mimi naangalia nani kasukumwa, nani kachelewa nusu hatua, kwa sababu ndiyo mambo niliyokuwa nikielezwa mle garini.

Nyumbani nako tuna wachezaji wa zamani wanaochambua. Ally Mayay alichezea Yanga, kila mtu anajua, na bado tunataka mtu kama huyo akikaa mbele ya maikrofoni awe kama hajawahi kuvaa jezi. Naona tunawaonea. Mimi mchambuzi akinitajia timu yake mapema, najua maneno yake niyapunguze kiasi gani. Na ya hawa wa 97.1 lazima uyapunguze, maana wakiwa na hasira na mwamuzi, usiamini mpaka uone picha.

Januari 20, 2025, fainali ya taifa ya vyuo, Ohio State na Notre Dame kule Atlanta. Nilialika Watanzania wenzangu, pilau ikapikwa. Runinga niliizima sauti, redio nikaiweka dirishani. Kasoro yake ni kwamba picha yetu inapita kwenye intaneti, inachelewa, redio inatangulia. Wageni walikuwa sebuleni na soga zao, redio hawaielewi, mimi nimesimama dirishani. Tunaongoza 31 kwa 23, dakika zinayoyoma, jaribio la tatu, na bado yadi 11 za kusogea ili mpira ubaki kwetu. Redioni Keels akapaza sauti, kelele ikamfunika. Nikageuka, nikawaambia: huyu kwotabeki, mpigaji pasi wetu, atarusha mbali, Jeremiah Smith ataudaka.

Kwenye runinga timu zilikuwa bado zinajipanga. Kisha Will Howard akarusha, Smith akadaka, yadi 56.

Dada mmoja wa Muheza aliweka sahani chini. "Kaka, wewe kwenu Tanga sehemu gani hasa?"