Jinsi tulivyozuia WhatsApp kula usiku wa mwalimu

Walimu wa masomo ya jioni mtandaoni hapa Dodoma, kuanzia Kisasa hadi Nkuhungu, hawamalizwi na kipindi chenyewe. Kinachowamaliza ni picha ya swali la hesabu saa tano usiku, kisha mzazi anauliza mbona kimya.

Kilichofanya kazi ni laini ya pili. Isajili kwenye WhatsApp Business. Ni bure, na hukaa simu moja na WhatsApp ya kawaida. Weka saa za kazi, halafu washa ujumbe wa kutokuwepo (away message), unaojituma wenyewe, na uchague utumwe nje ya saa hizo: "Habari mzazi. Maswali hujibiwa saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Likiingia baada ya hapo, litajibiwa siku ya kazi inayofuata."

Wengi hukwama kwenye saa. Simu inataka 16:00 hadi 20:00, siyo 10:00 hadi 2:00. Wengine huzima data usiku, kumbe bila intaneti ujumbe huo hautumwi, na mzazi anaona amepuuzwa tu. Data iache, nyamazisha arifa.

Kundi la darasa liruhusu wasimamizi pekee kuandika kipindi kikiisha.

Oktoba ndiyo ngumu, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia. Kukataa kabisa hapo ni ubishi usio na faida. Ongeza saa moja, na uandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza kwenye ujumbe uleule.