Haruni na Huri Hawakushika Upanga

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii limenibana swali moja: tunaomba nini hasa kwa mgonjwa mahututi aliyewekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, ile iitwayo ekmo? Wengi wetu huomba mashine imponye. Mashine haiponyi.

Mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja au shingo. Damu hutoka ikiwa nyekundu ya kiza, pampu huisukuma, kwa mtu mzima lita 4 au 5 kila dakika, ikapite kwenye pafu bandia. Humo kuna maelfu ya vijirija vyembamba: oksijeni hupita ndani yake, damu nje. Mrija wa kurudisha huonekana mwekundu wa kung'aa. Mapafu yakiwa ndiyo yaliyoshindwa, damu hurudishwa kwenye vena, mshipa unaopeleka damu moyoni. Moyo ukishindwa, hurudishwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Ventileta, mashine ya kupumulia, nayo hupunguzwa nguvu, mapafu yapumzike.

Kumbukeni Refidimu, Israeli walipopigana na Amaleki: Musa akiinua mikono, Israeli walishinda. Yoshua ndiye aliyepigana bondeni. Haruni na Huri waliishikilia tu mikono ya Musa hata jua likachwa. Ekmo ni Haruni na Huri. Vita vinapiganwa na dawa, na mwili wenyewe, na Bwana.

Na kushikilia huko kuna hatari zake. Damu ikigusa plastiki hutaka kuganda, ndiyo sababu ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, pengine ubongoni. Ikipungua, mabonge huziba pafu bandia. Muuguzi hulimulika kwa tochi akitafuta madoa meusi. Mirija ikianza kutikisika, mara nyingi mshipa umepungukiwa damu. Mguu wenye mrija wa ateri hupapaswa kila mara, usije ukapoa na kufa.

Sasa niwakemee kidogo, ndugu zangu mnaokwenda kuombea. Naweni mikono kwanza. Mafuta ya upako yasikaribie pale mrija unapoingilia. Msimgeuze mgonjwa wala msikanyage mirija: ukichomoka, damu humwagika kabla hamjasema amina.

Tena msimwambie mama wa mgonjwa kwamba kukubali mashine izimwe ni kukosa imani! Kati ya watu wazima wanaowekewa kwa ajili ya mapafu, wanaotoka hospitali wakiwa hai ni zaidi kidogo ya nusu; kwa ajili ya moyo, hawafiki nusu; wakiwekewa huku kifua kikikandamizwa kwa sababu moyo umesimama, ni kama theluthi moja. Mama huyo amebeba mzigo wa kutosha. Mshikeni mikono, kaeni naye, nyamazeni.

Kwa wa mapafu, siku ya kujaribu kumtoa, oksijeni ya pafu bandia hufungwa, pampu ikiendelea kuzunguka, na kwa saa kadhaa hutazamwa kama mapafu yake yataibeba kazi peke yake. Ulizeni familia jaribio hilo ni lini, mpangiane zamu za maombi kwa saa hizo.