Daftari la maombi: kuombeana hadi jibu lionekane

Anayesema "niombeeni" mara nyingi hana tena nguvu ya kuomba mwenyewe. Ugonjwa, deni, msiba au aibu vimemmaliza maneno. Ndiyo maana kisa cha yule aliyepooza wa Kapernaumu, katika Marko 2, nakiona kuwa msingi wa kuombeana kote. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamteremsha, na Injili inasema Yesu aliiona imani "yao". Mgonjwa hakutakiwa kwanza atoe ushuhuda. Mwenye shaka anaweza kubebwa na imani ya ndugu na marafiki mpaka ya kwake irudi, na naamini wengi wetu tumeshika imani kwa njia hiyo.

Ila imani hurudi kwa kuona, na kuona kunataka kumbukumbu. Jumuiya zetu huomba sana na kusahau upesi. Leo tunaombea ajira ya kijana, mwezi ujao kapata kazi, na hakuna anayekumbuka kwamba tuliliomba jambo hilo. Dawa yake ni daftari. George Müller, Mjerumani aliyefungua nyumba ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, alikuwa akiandika maombi yake na majibu yake. Yeye lakini aliazimia kutowaomba watu fedha, akapeleka haja zake kwa Mungu peke yake. Sisi wa jumuiya za nyumba kwa nyumba tunafuata njia nyingine: tunaambiana, kisha tunaomba pamoja.

Kauntabuku moja inatosha. Fungua kurasa mbili zinazotazamana upate nafasi, piga mistari, upate safu tano: tarehe, ombi, mfuatiliaji, tulichofanya, jibu na tarehe yake. Jumuiya ya kaya 10 hadi 15 isipokee maombi mapya zaidi ya matano kwa wiki. Yakizidi hapo, sala inageuka kusoma orodha, na watu wanaitikia "amina" bila kujua wameombea nini. Mwandishi awe mmoja kwa mwaka mzima, na awe mtu asiyependa maneno.

Kazi kubwa iko kwenye safu ya pili. "Mungu ambariki mama huyu" ni sala njema, lakini kwenye daftari haina msaada, maana hamtajua lini imejibiwa. Muulize mwenye haja: unataka kuona nini, na lini? Hapo atasema, "Mwanangu apokelewe shuleni Januari hata kama ada haijakamilika," au "Mume wangu anipigie simu, tuna miezi hatujazungumza." Wapo wanaoogopa kwamba kuomba kwa undani hivyo ni kumjaribu Mungu. Sioni hivyo. Tunaofundishwa kuomba mkate wa leo tumefundishwa kutaja kitu na kutaja siku.

Mfuatiliaji ni mtu mmoja, jirani au rafiki wa mwenye haja, anayempigia au kumtembelea angalau mara moja kwa wiki na kuuliza hali. Asipokuwepo, kila mmoja hudhani mwenzake ameuliza. Safu ya nne ndiyo inayowatisha watu, kwa sababu inatudai. Yakobo 2 inamkemea anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani huku hajampa kitu.

Chukua mama mjamzito aliyekaribia kujifungua. Kabla ya kupiga magoti, jumuiya ijibu maswali haya: nani ana bajaji au gari na atapokea simu saa 8 usiku? Nani atabaki na watoto nyumbani? Vifaa vya kujifungulia vimeshanunuliwa na kufungwa kwenye begi? Ndugu gani wako tayari kuchangia damu ikihitajika? Andika majina, si "tutasaidiana". Mama huyo akirudi salama, wapo watakaosema ni bajaji tu na damu ya shemeji. Mimi nasema shemeji aliyeamka usiku ni jibu la sala, na mwenye kujifungua analijua hilo kuliko sisi.

Ushuhuda wa haraka ni hatari, na hapa nataka nieleweke vizuri. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, lakini mgonjwa huanza kujisikia vizuri baada ya wiki chache tu. Akisimama kwenye jumuiya na kutangaza amepona, kisha akaacha vidonge, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa, na nyumba nzima iko hatarini. Kwa hiyo safu ya tano ibaki wazi mpaka amalize dozi na vipimo vithibitishe. Njiani andikeni "anaendelea vizuri, anameza dawa", na mshukuru kwa hilo. Vivyo hivyo kwa anayetumia ARV: kipimo kikisema virusi havionekani, ni jambo la kushukuru sana, lakini virusi bado vimo na dawa haziachwi. Yeyote anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani asipewe nafasi ya kuongoza sala.

Kuvujisha siri nako huua jumuiya. Ndoa, vipimo vya hospitali na kesi za mahakamani zisitajwe bila ruhusa ya mhusika, na zisiwekwe kabisa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu picha ya ukurasa husafiri mbali. Andikeni "haja ya ndugu yetu" na mfuatiliaji peke yake ajue. Fedha pia zikae mbali na daftari: mchango uende kwa mweka hazina, na asiyechanga aombewe sawasawa na aliyechanga. Sala yenye bei imeshaharibika.

Majibu mengine ni hapana. Mtume Paulo aliomba mara tatu "mwiba", yaani mateso ya mwilini mwake, utolewe, akaambiwa neema inamtosha. Mgonjwa akifariki, mwandishi aandike "amefariki" na tarehe, kwa herufi zilezile, na jumuiya iende msibani. Kumwambia mfiwa kwamba imani yake ilipungua ni ukatili. Hata waliokuwa wakimwombea Petro gerezani, katika Matendo 12, walimwambia kijakazi Roda ana wazimu alipowapa habari kwamba Petro yuko mlangoni. Walikuwa na shaka, na Petro alikuwa ameshafunguliwa.

Nyumbani tumia daftari dogo. Baba au mama asome haja moja baada ya chakula cha usiku, mtoto aombe kwa maneno yake, na jibu likija mtoto huyohuyo aliandike. Atakumbuka muda mrefu alichokiandika kwa mkono wake.

Usiku wa Desemba 31, kabla ya mkesha, daftari lisomwe lote, na yaliyojibiwa yashukuriwe moja moja kwa jina. Yaliyobaki yahamishiwe kwenye daftari jipya yakiwa na tarehe zake za mwanzo, si ya Januari, na kila mfuatiliaji aulizwe kama bado anaweza au apokelewe na mwingine.