Cheti cha uasili kilinifedhehesha mara moja tu

Aliyeniambia kwamba kemikali kutoka nchi mliyo na mkataba wa biashara nayo haitozwi ushuru, bado sijamsamehe.

Niliagiza kostiki soda ya vipande, ile kemikali ya kutengenezea sabuni, mifuko ya kilo 25. Cheti cha uasili, ile hati ya kuonyesha nchi mzigo unakotoka, kikaja na mihuri tele, nami nikaenda bandarini kifua mbele. Afisa wa forodha hakuhangaika nacho. Aliinamia mfuko, akapenyeza ukucha chini ya lebo, akaibandua polepole. Chini yake palikuwa na lebo nyingine, ya nchi nyingine kabisa! Nikalipa ushuru kamili, uliopigwa juu ya bei ya mzigo, bima na nauli, pamoja na gharama za hifadhi zilizopanda kila siku niliyoendelea kubishana. Msibishane jamani, kontena halina huruma.

Kumbe uasili ni pale kitu kilipotengenezwa, si pale ulipokinunua. Kubadilisha mifuko hakuhesabiki, wala kuzimua kwa maji. Katika mikataba mingi, mmenyuko wa kemikali ukifanyika ndani ya nchi mwenza, hapo umepona.

Mara ya pili nilikuja na swali ambalo hadi leo najivunia. Kostiki soda hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na klorini lazima itoke pamoja nayo. Basi kila muuzaji aliyejiita mwenye kiwanda nilimuuliza: "Klorini yenu mnaipeleka wapi?" Wawili wakapotea. Mmoja akaniuliza kama nataka kununua klorini. Wa nne akaniandikia ukurasa mzima, hadi nikachoka kusoma. Huyo ndiye niliyemlipa.

Ankara nayo nilikataa iandikwe jina la kibiashara, maana wakala wangu aliwahi kuliona akataka kuuweka mzigo kwenye fungu la sabuni. Ikaandikwa jina la kikemia, hidroksidi ya sodiamu, namba ya CAS (ya kuitambulisha kemikali) 1310-73-2, msimbo wa forodha 2815.11. Ya maji ni 2815.12, msichanganye. Na kabla meli haijang'oa nanga nilikuwa nimeshaomba forodha uamuzi wa awali kwa maandishi, kuhusu msimbo na uasili wa mzigo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika 2017, unakupa nafasi hiyo.

Mzigo ulipofika, afisa akaanza tena na ukucha. Akakwaruza, akakwaruza. Jina la kiwanda lilikuwa limechapwa kwenye mfuko wenyewe.